Bandia, Ghushi na Kubuni: Istilahi za Vifaa vya Maigizo

Vichekesho vya televisheni hujaa vitu vinavyoonekana kuwa halisi ilhali sivyo. Wafasiri wengi huviita vyote "bandia". Tunaona kuwa neno hilo pekee halitoshi, na tunapendekeza maana tatu zitenganishwe.

Kwanza, kitu cha bandia hushika nafasi ya kitu halisi pasipo kumdhulumu mtu, kama vile meno ya bandia. Katika mchezo wa Kimarekani uitwao Cheers (1982–1993), bia aliyokunywa Norm ilikuwa na kileo kidogo mno, nayo ilitiwa chumvi ili povu lidumu. Hiyo ni bia ya bandia.

Pili, kitu cha kubuni hakiigi kitu mahsusi kilichopo. Mfano ni dawa ya Vitameatavegamin katika I Love Lucy (1952). Jina hilo limeunganisha vitamini, nyama, mboga na madini. Lucy, akilewa kwa kuionja dawa, hawezi tena kulitamka. Mfasiri asilitafute katika kamusi ya tiba, bali aunde jina la Kiswahili litakalotatiza ulimi vivyo hivyo.

Tatu, kitu ghushi hukusudiwa kudanganya, kama vile cheti au sahihi. Aandikaye "bia ghushi" huwashtaki waigizaji kwa kosa wasilolitenda. Na neno likizoea kutumiwa ovyo katika mchezo, litapoteza makali yake katika hati ya mashtaka, mahali linapohitajiwa zaidi.