Ulaghai wa ajira za kufanyia nyumbani

Ulaghai wa ajira za kufanyia nyumbani ni aina ya utapeli ambamo mtu huahidiwa kazi asiyohitaji kutoka kwake kuifanya, kumbe lengo la mtoa tangazo ni kupata fedha zake, taarifa zake binafsi au kumtumia katika uhalifu. Huwanasa hasa wanafunzi, wazazi wanaolea watoto wadogo, wagonjwa na watu waliopoteza ajira.

Kazi halali za namna hii zipo, kwa mfano tafsiri, uhasibu, utengenezaji wa programu na huduma kwa wateja. Kwa sababu hiyo tangazo la uongo linaweza kufanana sana na la kweli.

Historia

Utapeli huu ni wa zamani kuliko intaneti. Nchini Marekani, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929, yalienea matangazo ya kazi ya kutia barua ndani ya bahasha. Mwombaji alitakiwa kutuma ada kwanza. Badala ya kazi, alipokea maelekezo ya kuchapisha tangazo lilelile ili naye akusanye ada kutoka kwa wengine.

Tangu Machi 2012, kanuni ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo inamtaka anayeuza fursa za aina hii kumpa mnunuzi hati ya maelezo angalau siku 7 kabla ya kusaini mkataba au kulipa.

Aina

Ada ya awali: mwombaji huambiwa alipie usajili, mafunzo, vifaa au fomu. Akishalipa, huombwa malipo mengine au mawasiliano hukatwa.

Kazi za kubofya: ujumbe hufika kwa WhatsApp au Telegram ukitoa malipo kwa kupenda video au kutathmini bidhaa. Malipo ya kwanza, ambayo ni madogo, hulipwa kweli ili kujenga imani. Baadaye mtu hutakiwa kuweka fedha zake ili apande ngazi. Salio huonekana likiongezeka kwenye skrini, lakini akitaka kulitoa huambiwa alipe kodi au ada nyingine.

Hundi bandia: "mwajiri" hutuma hundi inayozidi malipo yaliyokubaliwa. Kwa mfano, mtu hupewa hundi ya dola 2,000, abaki na 500 na kutuma 1,500 kwa "muuzaji wa vifaa". Benki inaweza kumruhusu atoe fedha kabla hundi haijathibitishwa. Ikigundulika kuwa ni bandia, benki humdai fedha yote.

Kupitisha fedha au vifurushi: mtu hupokea fedha katika akaunti yake, au bidhaa nyumbani kwake, na kuzituma kwingine. Mara nyingi ni mali ya wizi. Anayezipitisha anaweza kuchunguzwa na polisi hata kama hakujua chanzo chake, kwa kuwa jina lake ndilo linaloonekana kwenye kumbukumbu.

Dalili

* Malipo ni makubwa kuliko ujuzi unaotakiwa.
* Ajira hutolewa bila usaili, au kwa ujumbe mfupi tu.
* Mwombaji huharakishwa aamue siku hiyohiyo.
* Fedha hutakiwa zitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi au kwa sarafu za kidijitali.
* Mwajiri huomba namba ya siri, au picha ya kitambulisho kabla ya mkataba.

Kujikinga

Kanuni kuu ni kwamba mwajiri humlipa mfanyakazi, si kinyume chake. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kuwa kwa kawaida mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada.

Jina la kampuni linaweza kuhakikiwa kwa msajili wa kampuni, ambaye kwa Tanzania Bara ni BRELA. Hata hivyo, usajili pekee hautoshi, kwani matapeli huazima majina ya kampuni za kweli. Ni vema kuwasiliana na kampuni kupitia anwani iliyopatikana kwingine, si ile iliyo kwenye tangazo.

Baada ya kutapeliwa

Aliyetapeliwa anashauriwa kuacha kutuma fedha, kuijulisha mara moja benki au kampuni ya simu, kubadili namba za siri, kutunza ujumbe na risiti kama ushahidi, na kutoa taarifa polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria ya aina hiyo ya mwaka 2018. Wengi hunyamaza kwa aibu, na hali hiyo humpa tapeli nafasi ya kuendelea. Wengine hutapeliwa mara ya pili na watu wanaodai kuwa wanaweza kurudisha fedha zilizopotea, mradi walipwe kwanza.