"Take off" na Kauli ya Kutendua

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyomsumbua mfasiri wa Kiswahili ni "take off". Kimeundwa kwa maneno mawili mepesi, moja la kutwaa na jingine la kuachana na mahali, nacho hutumika bila kujali kinachotwaliwa ni kitu gani. Mfasiri anayeridhika na ondoa au toa hakukosea sarufi, ila amemnyima msomaji sehemu ya maana.

Matumizi ya Kwale yanadhihirisha jambo hili. Nguo iliyo mwilini huvuliwa, bali ile iliyo kambani huanuliwa. Chungu kilichofunikwa hufunuliwa, na kikiiva huepuliwa motoni. Makuti yakichakaa, nyumba huezuliwa ili iezekwe upya. Kiswahili, basi, hutaka kujua kitu kilikuwa kimewekwaje kabla ya kuondolewa: vaa na vua, anika na anua, funika na funua, ezeka na ezua. Epua huonekana pweke, kwani mwenziwe wa leo ni teleka au bandika. Lakini wanaisimu wa Kibantu hulihusisha na pika.

Ndege huleta tatizo jingine. Kwa Kiingereza nayo hu-"take off". Kwa Kiswahili huruka au hupaa, wala hakuna kutendua hapo. Kutendua huja wakati wa kurejea: ndege inapotua Ukunda hutumia kitenzi cha mzigo uliotwikwa kichwani, ambacho pia ni kitenzi cha nahodha anayetua tanga.

Hata hivyo, nchini Kenya toa imeenea mno: toa viatu, toa sufuria, toa nguo kambani. Wako watakaosema kwamba lugha imerahisika. Lakini anayesema toa makuti amevunja jozi nzima, maana ezua ikipotea, ezeka nayo hubaki bila mwenza, na punde weka itaichukulia nafasi. (Pengine hoteli za Diani, kwa kupenda mapaa ya makuti, zimeitunza jozi hiyo kuliko madarasa.)

Mtunzi wa kamusi afaa kutaja kwanza kitendwa, kisha kitenzi chake. Pia atenganishe vua ya nguo na vua ya samaki inayosikika kwa wavuvi wa Msambweni. Hiyo ya pili ina asili nyingine, wala haitendui chochote.