Cádiz Inamangwa Ukitembea

Maze, wasee wengi wakitua Spain wanakimbilia Barcelona. Mi nakushow, chukua treni toka Sevilla ushuke kusini hadi penye reli inaishia. Hapo ni Cádiz, mji umetokeza ndani ya Atlantiki, maji karibu kila side. Wafoinike ndio walianzisha hii base wakaiita Gadir, na stori za kale zinasema ilikuwa kitu ka 1100 kabla ya Kristo.

Usijaze tumbo kwa hoteli. Amka na njaa uingie Mercado Central, soko ya samaki. Jodari wamelala hapo wekundu ka nyama ya ng'ombe, na kuna uduvi wadogo ka kucha ya mtoi. Hao uduvi wanachanganywa na unga wa dengu, unga wa ngano na kitunguu, kisha uji unamwagwa kwa mafuta ya moto. Inatoka nyembamba, inavunjika krach! Wanaiita tortillita de camarones, lakini mtu wa Mombasa akionja atakushow hiyo ni bajia.

Halafu kuna cazón en adobo. Hapa ndio mi hulainika kabisa. Huyo ni papa, wasee! Anakatwa vipande, analazwa kwa siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba, anapakwa unga, anazamishwa kwa mafuta. Siki imeingia hadi ndani, so mafuta haikuchoshi. Unapewa kwa cartucho, karatasi imekunjwa ka ya njugu, na unasonga ukimanga. Cheki tu masaa: kuanzia saa kumi jioni jikoni mob hufungwa, na dina ya wenyeji ni saa tatu usiku.

Huo mwanya wa jioni panda mnara wa Torre Tavira. 1717 biashara ya makoloni ya Amerika ilihamishwa toka Sevilla ikaletwa huku, ganji ikamwagika, matajiri wakajenga minara juu ya keja zao ndio wacheki meli zikiingia. Zaidi ya 100 ya hiyo minara bado imesimama. Ndani ya Tavira kuna chumba giza tii, na lenzi inaangusha mji mzima kwa sahani nyeupe, laivu. Unaona nguo za mtu zikipepea kwa kamba.

Maliza siku La Caleta, ufuo mdogo umebanwa na ngome mbili. Moja ni Santa Catalina. Waingereza na Waholanzi walivamia mji 1596 wakauchoma, na 1598 Mfalme Felipe II akaagiza hiyo ngome ijengwe. Sasa shika hii: Felipe huyo huyo, akiwa pia mfalme wa Ureno, ndiye aliagiza Fort Jesus ya Mombasa, na ilimalizwa 1596, mwaka ule ule Cádiz ilichomwa. Mi nikiketi kwa huo ukuta na papa yangu kwa karatasi, jua likizama, chumvi kwa midomo, naona Old Town ya Mombasa kabisa.