Kurekebisha Picha kwa Programu-Jalizi

Hapa kwetu Kasense jua la saa sita ni kali. Mtu akipigwa picha saa hiyo naye amevaa kofia, nguo zake huonekana vizuri, lakini uso hupotea kivulini. Wengi wetu tuna picha za namna hiyo nyumbani, na nyingine hazina badala, kwa maana aliyepigwa hayupo tena. Je, yawezekana kuzitengeneza? Yawezekana, lakini kwa kadiri.

Kwanza yafaa tujue picha ya kompyuta ni kitu gani. Ni nukta nyingi zilizopangwa kwa safu kama mahindi shambani. Kila nukta ina namba tatu: ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Kila namba yaanzia 0, yaani giza, mpaka 255, yaani mwanga mtupu. Basi kurekebisha picha ni kufanya hesabu juu ya namba hizo.

Programu-jalizi ni programu ndogo itiwayo ndani ya programu kubwa ili kuiongezea kazi. Mfano wake ni trekta: ukilifungia plau hulima, ukilifungia tela hubeba magunia, na trekta ni lile lile. Programu moja ya picha isiyouzwa ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Miongoni mwa programu-jalizi zake ni G'MIC, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Caen, Ufaransa, nayo ina mamia ya madoido.

Tutazame doido moja, lile la kuondoa chenga. Tuseme nukta moja ina 250, na majirani zake wanane kila mmoja ana 100. Tukichukua wastani wa zote tisa twapata kama 117: chenga imefifia, lakini alama yake imebaki. Tukizipanga kwa ukubwa na kuchukua iliyo katikati, twapata 100: chenga imetoweka. Ndiyo siri yenyewe. Si uchawi, ni hesabu ya darasani.

Katika kazi hii fuata utaratibu huu:

1. Fanya nakala ya picha, na ile ya asili usiiguse kamwe.
2. Ndani ya programu, rudufu tabaka la picha, ukatie madoido kwenye tabaka la juu tu.
3. Ondoa chenga kwanza, kisha ongeza mwanga mahali penye kivuli.
4. Kunoa kuwe mwisho, kwani ukinoa mapema utazinoa na chenga pia.
5. Punguza nguvu ya tabaka la juu mpaka nusu, halafu lifiche na kulifichua, upate kulinganisha.

Hatua ya tano ndiyo wengi huiruka. Wahenga walisema, mchovya asali hachovyi mara moja. Mtu huongeza doido hili na lile mpaka picha inageuka katuni.

Tena kuna mpaka usiovukika. Mahali ambapo namba zote tatu zimefika 255 hapana habari iliyobaki, na programu haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukipata. Ikionyesha kitu hapo, imebuni.

Jambo hili latupeleka kwenye neno kubwa zaidi. Madoido mengi yaitwayo ya urembo hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe. Ukiyatumia juu ya picha ya babu, mikunjo ya uso wake itatoweka, na rangi yake pia. Wajukuu watarithi sura ya mtu asiyepata kuishi. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters liliondoa picha ya vita ya Beirut baada ya kugundulika kwamba moshi wake uliongezwa kwa kompyuta, nalo likaacha kumtumia mpiga picha huyo.

Basi, ndugu wanafunzi, kabla ya kuhifadhi kazi yako jiulize swali moja: je, mama yake angemtambua? Akimtambua, umerekebisha. Asipomtambua, umemfuta.