UKIENDA KIWANJA CHA NDEGE, KWANZA SOMA SAA

Ndugu msomaji, siku hizi si ajabu kumwona jirani wa Buguruni, Temeke au Magomeni akifunga mizigo kwenda ng'ambo. Huyu anakwenda India kutibiwa, yule anafuata bidhaa Guangzhou, na mwingine ameitwa na mwanawe aliyeolewa Uarabuni. Wengi wao huingia kiwanja cha ndege kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, na huona haya kuuliza. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao.

Mwandishi wako ana sababu ya kulisema jambo hili. Shangazi yangu alikuwa anakwenda Muscat, ambako binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Tiketi ilionyesha kuwa ndege ingeondoka saa 04:45. Karatasi ile ilipita mikononi mwa watu wanne wajuao kusoma, nami nikiwa mmojawapo, na sote tukasema: "Saa tano kasorobo asubuhi." Tulimfikisha kiwanjani saa mbili asubuhi, amejitanda kanga mpya, kikapu mkononi. Ndege ilikuwa imekwisha kuondoka tangu saa kumi na moja kasorobo alfajiri.

Alilazimika kuongeza fedha ambazo hakuwa nazo, nasi tukachanga. Alifika Muscat siku tatu baadaye, mjukuu amekwisha kunyolewa nywele na kupewa jina bila ya bibi yake kuwapo. Hakutulaumu kwa neno hata moja, na kimya hicho ndicho kilichotuuma.

SAA YA TIKETI SI SAA YETU

Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na si kuanzia macheo kama tufanyavyo sisi. Kanuni yake ni nyepesi. Ukiona saa kati ya 00 na 06, ongeza sita: 04:45 ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Kati ya 07 na 18, toa sita: 14:00 ni saa nane mchana. Kuanzia 19 na kuendelea, toa kumi na nane: 22:00 ni saa nne usiku.

Tarehe nayo ina mtego wake. Tiketi ikisema Jumapili tarehe 14, saa 00:40, usingoje Jumapili ipambazuke. Unatakiwa uwe kiwanjani Jumamosi tarehe 13, kabla ya saa nne usiku. Andika saa hiyo kwa Kiswahili nyuma ya karatasi, kisha mwombe mtu aliyepata kusafiri aithibitishe.

MAJENGO MATATU

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kiko Kipawa, kiasi cha kilometa 12 kutoka katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado huiita Pugu Road. Kina majengo matatu ya abiria, na kukosea jengo ni kupoteza dakika zenye thamani.

Jengo la Kwanza ndilo kongwe, na hutumiwa na ndege ndogo. Jengo la Pili lilifunguliwa mwaka 1984. Msanifu wake ni Mfaransa Paul Andreu, ambaye pia alisanifu kiwanja cha Charles de Gaulle cha Paris. Hilo ni la safari za ndani, kama vile Mwanza na Mbeya. Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019, limejengwa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, na ndilo la safari za nje. Mwambie dereva jina la jengo kabla hujapanda gari.

Fika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, limepunguza msongamano, lakini mvua za masika hazina mwenyewe. Mashirika mengi hufunga kaunta ya safari za nje ipatapo saa nzima kabla ya safari, na ikifungwa imefungwa.

HATUA KWA HATUA

Mlangoni mizigo hupitishwa katika mashine. Kisha utakwenda kaunta ya shirika lako, ambako mzigo mkubwa utapimwa na kupokewa, nawe utapewa kadi ya kupandia ndege pamoja na kipande cha namba ya mzigo. Kipande hicho kitunze kama fedha. Halafu utapita kwa maofisa wa Uhamiaji, kisha ukaguzi wa mwisho, na hatimaye mlango ulioandikwa katika kadi.

Asali, samli na mafuta ya nazi yatie katika mzigo mkubwa, na uyafunge barabara. Tangu ilipogunduliwa njama ya kulipua ndege huko Uingereza mwaka 2006, viwanja vingi haviruhusu chombo cha maji maji cha zaidi ya mililita 100 katika mkoba wa mkononi. Betri ya akiba ya kuchajia simu ni kinyume chake: hiyo hukaa nawe, kamwe isiwe katika mzigo mkubwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu nayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kikapu kinatosha.

Ikiwa uendako wanadai chanjo ya homa ya manjano, choma sindano siku 10 kabla au zaidi. Cheti chake, tangu mwaka 2016, ni cha maisha.

MZIGO WA MTU

Liko onyo moja zito kuliko yote. Usikubali kubeba kifurushi usichokifunga mwenyewe, hata kama anayekupa ni jamaa na anasema ni dawa ya mgonjwa. Dawa za kulevya zikikutwa katika mkoba wako, wewe ndiwe mwenye nazo. Hapa nchini adhabu yaweza kuwa kifungo cha maisha. Nchini China yaweza kuwa kifo.

Na mzigo wako ukipotea? Usitoke kiwanjani kabla hujaandikisha malalamiko. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imeuridhia, mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee.

Shangazi alisafiri tena mwaka uliofuata. Safari hii alijipigia hesabu ya saa mwenyewe kwa vidole, akatuamsha saa sita usiku, na tulipofika alikuwa wa tatu katika mstari. Kuuliza si ujinga, ndugu msomaji. Tunakutakia safari njema.