Kuitia Ngozi Unyevu: Hatua Itangulizayo Nakshi na Msamiati Wake

Nakshi ya ngozi huonekana kwenye makubadhi, mishipi, mikoba, matandiko ya farasi na majalada ya vitabu. Anayeitazama huvutiwa na maua na misokotano ya mistari, na aghalabu hudhani kwamba siri yote imo katika mkono uliopiga chapa. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kufanyika kabla ya nyundo kuinuliwa, nayo ni kazi ya maji. Makala haya yananuia kufafanua jinsi ngozi inavyotayarishwa na kutiwa unyevu ili iweze kupokea chapa. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba uteuzi wa kitenzi katika maelezo ya kazi hii si suala la umbuji wa lugha tu: kitenzi kisichofaa huiharibu ngozi.

Si kila ngozi hukubali nakshi. Inayokubali ni ile iliyosindikwa kwa tanini ya mimea. Tanini ni dutu ipatikanayo katika magome, majani na matunda ya miti mbalimbali, na ndiyo iletayo ukakasi kinywani mtu atafunapo ndizi mbichi au anywapo chai iliyokolea kupita kiasi. Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 magome ya mikoko yalikuwa yakisafirishwa kutoka pwani hadi viwanda vya ngozi vya ng'ambo, na baadaye miwati, miti yenye asili ya Australia, ikapandwa katika nyanda za juu za Kenya na huko Njombe nchini Tanzania kwa ajili ya magome yake. Nako Siyu, katika kisiwa cha Pate, mji uliosifika kwa unakili wa misahafu, mafundi wa ngozi walijipatia jina kwa viatu vyao.

Aina ya pili ya ngozi husindikwa kwa chumvi za kromiamu. Mbinu hiyo ilishika kasi viwandani baada ya Augustus Schultz kupata hataza yake nchini Marekani mwaka wa 1884, na leo ndiyo itumiwayo kwa sehemu kubwa ya ngozi ulimwenguni. Ngozi ya kromiamu ni laini na hustahimili maji na joto. Hufaa kwa makoti na sehemu za juu za viatu. Ikipigwa chapa, hata hivyo, hujirudi kama godoro, na baada ya muda mfupi alama hufifia. Hii ndiyo sababu fundi anayenunua vipande sokoni, kwa mfano pale Kariokor jijini Nairobi, hana budi kuchunguza ukingo uliokatwa. Ukiwa na rangi ya samawati au kijivu katikati, ngozi hiyo ni ya kromiamu. Ukiwa wa rangi ya kahawia hafifu toka upande mmoja hadi mwingine, kuna matumaini. Tone moja la maji hukamilisha uchunguzi huo: ngozi ya tanini isiyopakwa rangi wala nta hulinywa tone upesi, na mahali lilipoangukia huiva rangi.

Kwa nini maji? Ngozi ni mfumo wa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosokotana kila upande. Zikiwa kavu, nyuzi hizo hukamatana na kukataa kusogea. Chapa ikipigwa juu yake huacha alama hafifu, na pengine uso wa ngozi hupasuka. Maji yapenyapo baina ya nyuzi huulegeza mshiko huo, nazo husogea zinapokandamizwa. Maji yanapotoka, nyuzi hushikamana upya pale pale zilipofikia, na umbo hubaki. Lakini maji yakizidi, nafasi zote baina ya nyuzi huwa zimejaa. Chapa ikigonga, maji huchuruzika pembeni mwake. Ikiinuliwa, shimo hujifunga. Ngozi inayotakiwa basi si kavu wala si rovurovu. Ni ile iliyokwisha kulowa, kisha ikaanza kukauka.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mfasiri wa mwongozo wa ufundi huu anakabiliwa na vitenzi kadhaa vinavyoonekana kuwa visawe: kuloweka, kuchovya, kulowesha, kunyunyizia, kutia unyevu. Kuloweka ni kukiacha kitu ndani ya maji kwa muda mrefu, kama ifanyiwavyo mihogo, maharagwe au nguo chafu. Mwanafunzi akiambiwa "loweka ngozi usiku kucha", ataitia katika beseni na kwenda kulala. Asubuhi ataikuta imevimba na kulegea, na sehemu ya tanini yake imetoka na kuyageuza maji kuwa kama chai. Kilichokusudiwa ni kwamba ngozi ilale imefunikwa, si kwamba ilale majini. Kuchovya kuna nafuu, maana humaanisha kuingiza na kutoa. Wako mafundi wanaochovya ngozi nene kwa nukta chache hadi mapovu yapungue. Kunyunyizia hakufai kila mahali, kwa kuwa matone huacha mabaka. Kutia unyevu, ingawa ni kirai na si neno moja, ndiko kunakobeba maana yote, kwani lengo lake ni hali inayotakiwa wala si chombo kinachotumiwa.

Kivumishi "mbichi" nacho kinahitaji uangalifu. Mswahili husema "nguo mbichi" akimaanisha nguo ambayo haijakauka, na mtu angeweza kudhani kwamba "ngozi mbichi" ni ngozi yenye unyevu. Katika ufundi huu, hata hivyo, ngozi mbichi ni ile ambayo haijasindikwa kabisa, iliyotoka mgongoni mwa mnyama. Ngozi ya aina hiyo hutiwa chumvi isioze na huwambwa ngomani, haipigwi chapa. Mwalimu anayetumia neno moja kwa maana zote mbili atakuwa amewachanganya wanafunzi wake kabla ya kuanza.

Utaratibu wenyewe hauna makuu. Sifongo safi huchovywa katika maji ya kawaida na kupitishwa kwanza upande wa nyama, yaani ule wenye manyuzinyuzi, kisha upande wa uso, hadi rangi ikolee sawasawa pasi na mabaka. Wengine hudondosha majini matone machache ya sabuni isiyo kali ili maji yapenye upesi. Baada ya hapo ngozi hutiwa katika mfuko wa plastiki na kufungwa usiku kucha, ili unyevu usambae hadi kiini chake. Siku ya pili hutolewa na kuachwa wazi. Rangi yake nyeusinyeusi huanza kurudi polepole kwenye ile ya awali, na inapokaribia kurudi kabisa, ilhali ngozi bado ina ubaridi ikiguswa shavuni, saa ya kazi imefika. Hakuna dakika zinazoweza kutajwa. Lodwar, kwenye joto kavu, subira ni fupi; Mombasa, penye hewa nzito ya bahari, ni ndefu zaidi. Shavu linaaminika kuliko saa.

Chapa yenyewe huthibitisha kama wakati umefaa. Ikigongwa kwenye ngozi yenye unyevu wa kutosha, huacha alama yenye kingo kali na rangi ya kahawia iliyokoza, kana kwamba imechomwa kidogo. Alama ikiwa na rangi ile ile ya ngozi na kingo zake zimeviringika, maji yangali mengi. Ni heri kungoja. Kisu cha kuchorea nacho husema: katika ngozi iliyo tayari huteleza, katika ngozi kavu hukwaruza. Mkato hauzidi nusu ya unene wa ngozi, na chini huwekwa jiwe zito la marumaru au matale ili pigo lisipotee mezani.

Tatizo ambalo vitabu vingi hulitaja kwa mkato ni chuma. Tanini ikikutana na chuma penye maji hutokea rangi nyeusi isiyofutika. Mmenyuko huo huo ndio uliowapa waandishi wa Ulaya wino wao kwa karne nyingi. Chembe chache za chuma zilizoachwa mezani na tupa, au sufuria iliyoshika kutu, zinatosha kuiharibu kazi ya siku nzima. Maji basi huwekwa katika bakuli la kioo, plastiki au udongo, na chapa huwa za shaba nyeupe au chuma kilichopakwa kromiamu. Maji ya moto pia ni adui. Ngozi ya tanini iliyolowa huanza kujikunja na kuwa ngumu kwenye joto la takriban nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, na haifunguki tena.

Ngozi yenye unyevu hunyumbuka. Ikipigwa chapa mara mia mbili hutanuka, na mshipi uliopimwa vyema asubuhi huwa mrefu jioni. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, vipande vyembamba hubandikwa utepe wa gundi au kadibodi upande wa nyama, kisha hubanduliwa kazi ikiisha. Kazi isipomalizika siku hiyo, hurudishwa mfukoni, lakini isikae humo siku nyingi kwa kuwa ukungu huota. Wenye jokofu huihifadhi humo. Sehemu iliyokauka kabla ya wakati hupitishiwa sifongo juu juu, na ni bora kupitisha uso mzima kuliko doa moja, maana mpaka wa maji huacha mstari.

Nakshi ikikamilika, ngozi hukaushwa kivulini, imelazwa bapa, kwa muda usiopungua siku moja. Mafuta na rangi hungoja hadi ubaridi wa shavuni utoweke kabisa.