Kabla Hujauza Ng'ombe Mwanao Akasomee Utangazaji

Ukiteremka garini pale Kamukuywa, katika barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, utazisikia redio kabla hujamsikia mchuuzi wa ndizi. Kinyozi amefungulia stesheni hii, mwenye duka la mbolea amefungulia ile, naye mama wa chai hana haja ya kununua redio yake mwenyewe kwa kuwa za majirani zinamtosha. Si ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi za sehemu hizi yuko kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye, akiulizwa anataka kusomea nini, hataji tena ualimu wala uuguzi. Anataka kwenda chuo kikuu kusomea utayarishaji wa vipindi vya redio na televisheni, pamoja na hizi podikasti wanazosikiliza vijana katika simu zao.

Yamkini wewe ndiwe mzazi wa kijana huyo. Na yamkini ulimjibu kwa swali: tangu lini watu wakaenda chuoni kujifunza kuongea?

Swali lako si la kipuuzi hata kidogo. Jibu lake ndilo litakaloamua kama fedha zako zitaingia mahali pema au zitapeperuka hewani. Ukweli ni kwamba kuongea ni sehemu ndogo sana ya kazi hiyo. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, ile ijulikanayo kama KIMC, ilipoanza mwaka 1961 haikuanza kwa kuwafunza watu wenye sauti tamu. Ilianza kwa kuwafunza mafundi wa mitambo ya utangazaji. Waliokuwa wakipanga mambo wakati huo walijua kwamba bila mtu wa kuunganisha nyaya, kupima sauti na kukata kanda, mtangazaji ni mtu anayejisemea peke yake chumbani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mafunzo yake ya uandishi wa habari mwaka 1970, na tangu hapo vyuo vimeongezeka mmoja baada ya mwingine.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Tuseme binti yako ameagizwa na mwalimu wake atayarishe kipindi cha redio cha dakika 20 kuhusu tohara ya Wabukusu, ambayo kila mtu hapa anajua hufanywa mwezi wa Agosti katika miaka isiyo witiri, kama vile 2022 na 2024. Utadhani ni kazi rahisi kwake, kwani amezaliwa humo. Lakini akifika kwenye boma akiwa na kinasa sauti, atagundua kwamba chinyimba anazopiga kijana anayealika jamaa zake zinameza kila neno analosema mzee aliye kando yake. Akimsogeza mzee mbali, sauti za sherehe zinapotea na kipindi kinakuwa kama mahojiano ya ofisini. Afanye nini? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri atanasa mara mbili: mzee peke yake asubuhi, penye utulivu, kipaza sauti kikiwa karibu na kinywa, kisha chinyimba na nyimbo peke yake jioni. Baadaye, mbele ya kompyuta, ataviweka viwili hivyo pamoja, sherehe ikivuma chini na mzee akisikika juu. Msikilizaji ataona kama yuko pale pale bomani wala hatajua kwamba alipikiwa.

Huo ndio utayarishaji. Saa nne au tano za sauti zilizonaswa hupunguzwa mpaka zikabaki dakika 20, na kila sekunde iliyotupwa ilitupwa kwa sababu. Isitoshe, kuna suala la idhini. Si kila kinachofanywa mtoni alfajiri kinafaa kusikiwa na dunia nzima, na mtayarishaji asiyewauliza wazee kwanza anaweza kufukuzwa hata na wajomba zake. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data inayohusu habari za watu binafsi, zikiwamo sauti na picha zao, na ulinzi wa watoto umepewa uzito wa pekee. Mambo haya yote hufundishwa darasani, au yapaswa kufundishwa.

Kwa upande wa televisheni mambo huwa mazito zaidi. Mtazamaji humwona mtu mmoja anayesoma habari. Haoni wale wanaopiga picha, anayepanga taa, anayesikiliza sauti, anayechagua picha ipi iende hewani, na mwongozaji anayewaamuru wote kwa sauti ya chini kupitia vidude vya masikioni. Katika kazi hizo zote, ni moja tu inayohitaji uso wa kupendeza. Kijana wako akikwambia anataka “kuonekana kwenye tivi”, mwulize kama yuko tayari pia kutoonekana kwa miaka 10.

Sasa tufike kwenye mfuko. Matokeo ya KCSE hutoka Januari. Anayepata C+ na zaidi anaweza kuomba nafasi ya shahada kupitia KUCCPS, na vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya kwenye Agosti au Septemba. Wewe mkulima unajua tatizo liko wapi. Huku kwetu mahindi hupandwa Machi na Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba. Chuo kinapodai karo, mahindi yako yangali shambani, mengine hayajakauka vizuri, na yale ya mwaka jana yamebaki ya kusagia unga. Hapo ndipo ng'ombe wa maziwa anapotolewa zizini. Mkopo wa HELB upo, na msaada wa serikali ya kaunti na wa mbunge hupatikana kwa wengine, lakini mara nyingi fedha hizo huja baada ya mtoto kufika chuoni. Nauli, godoro na chakula cha mwezi wa kwanza havimsubiri mtu.

Kwa kuwa ng'ombe huuzwa mara moja, yafaa ujue unanunua nini. Maoni yangu, na wengine watanipinga, ni kwamba katika masomo haya jina la chuo halina uzito kama saa ambazo mwanafunzi anashika vyombo kwa mikono yake. Shahada ya utayarishaji iliyosomwa ubaoni tu ni kama leseni ya udereva ya mtu aliyesoma kitabu cha magari. Kijana atamaliza miaka minne akijua historia ya redio duniani, lakini ukimpa kipaza sauti atauliza kinawashwa wapi.

Basi kabla hujalipa chochote, funga safari. Kutoka Kamukuywa hapana chuo kikuu cha eneo hili usichoweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo. Kibabii iko Bungoma, Masinde Muliro iko Kakamega, Moi iko karibu na Eldoret, na mji huo una pia tawi la KIMC. Maseno, ambayo ni mbali kidogo, ina stesheni yake ya redio iitwayo Equator FM. Uliza kwanza kama kozi anayoitaka mwanao inatolewa, na kama imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha omba uonyeshwe studio. Usitosheke na kuonyeshwa mlango. Tazama kama mitambo ina vumbi. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, si mwalimu, ni lini mara ya mwisho alipoingia humo na alitengeneza nini. Uliza kamera ni ngapi na wanafunzi ni wangapi. Ikiwa kamera moja inashirikiwa na wanafunzi 60, piga hesabu mwenyewe. Wewe ni mtu wa kugawa gunia kwa gorogoro, haitakushinda. Uliza pia wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi ya kazi, maana hapo ndipo wengi huajiriwa.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hulidharau ni lugha. Kijana akishaamua kuwa mtangazaji, kitu cha kwanza anachofanya ni kuanza kuongea kwa pua kama aliyezaliwa ng'ambo. Akiongeleshwa na kukhu wake kwa Lubukusu anajibu kwa Kiingereza. Huko ni kutupa mali barabarani! Zamani, mwananchi wa hapa alikuwa na sauti moja tu ya kusikiliza, ile ya shirika la serikali, na kituo cha kwanza cha televisheni cha binafsi, KTN, kilianza mwaka 1990. Leo Sulwe FM hutangaza kwa Lubukusu, Mulembe FM kwa lugha za Waluhya, West FM iko Bungoma, na Kitale ina Radio Imani. Stesheni inayotangaza kwa Lubukusu haiwezi kumwajiri mtu asiyejua methali, asiyejua jina la mmea anaoutaja mkulima kwenye simu, au anayechanganya matusi na mzaha. Kijana wa Kamukuywa anayekijua Kiswahili sanifu, Kiingereza safi na Lubukusu cha wazee ana mtaji ambao mwenzake wa Nairobi hataununua kwa karo yoyote. Kuupoteza ni hiari yake.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianza kipindi chake cha “Je, Huu ni Ungwana?” mwaka 1966, na kikaendelea kwa zaidi ya nusu karne. Kipindi hicho hakikuhitaji mitambo ya ajabu. Kilimhitaji mtu anayetazama jinsi watu wanavyokula, wanavyosalimiana, wanavyopanda gari, na anayeyasema hayo kwa Kiswahili ambacho mzee wa Mombasa na kijana wa Kimilili wote walikielewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo shule bora ya utayarishaji: macho na masikio yaliyo wazi. (Ni Mbotela huyo huyo aliyelazimishwa na wanajeshi waasi kutangaza mapinduzi tarehe 1 Agosti 1982. Kazi hii si maneno matamu siku zote.)

Nisikufiche kuhusu ajira. Mashirika makubwa ya habari jijini Nairobi yamepunguza wafanyakazi zaidi ya mara moja katika miaka ya hivi karibuni, kwa kuwa matangazo ya biashara yamehamia mtandaoni. Waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa kila habari inayotumiwa. Wasipotumiwa habari, hawalipwi. Stesheni ndogo huwapa vijana nafasi, lakini mshahara wake unaweza kuwa mdogo kuliko faida ya mwendesha bodaboda hodari. Hata hivyo, mtu aliyejifunza kunasa na kuhariri sauti na picha haitegemei stesheni peke yake. Anaitwa kwenye harusi na mazishi, makanisa yanamtafuta, mashirika ya kilimo yanataka filamu fupi za kuwaonyesha wakulima jinsi ya kukausha mahindi, na shule zinahitaji mtu wa kuzisaidia katika mashindano ya kitaifa ya drama na filamu. Anayejua kuongea tu hana pa kwenda stesheni ikifungwa.

Podikasti nazo? Hicho ni kipindi cha sauti kinachowekwa mtandaoni ili msikilizaji akisikilize wakati apendao, bila kungojea saa yake. Hakihitaji mnara wala kibali cha masafa, na ndiyo maana vijana wamekipenda. Adelle Onyango, aliyekuwa mtangazaji wa redio Nairobi, alianzisha Legally Clueless mwaka 2019, akawa akipokea na kutoa hadithi za Waafrika wa kawaida. Lakini usidanganywe kwamba fedha ziko tele huko. Wengi huchapa kazi kwa muda mrefu bila kuona shilingi. Faida ya podikasti kwa mwanafunzi ni kwamba inamfunza kazi yote, mwanzo hadi mwisho, kwa gharama ya bando tu. Na siku ya kutafuta kazi, badala ya kubeba cheti peke yake, atabeba vipindi ambavyo mwajiri anaweza kuvisikiliza papo hapo.

Kwa sababu hiyo, ile miezi kati ya Januari na Septemba, ambayo vijana wengi huipitisha wakizurura stendi, ndiyo mtihani wako wewe mzazi. Mwambie mwanao atengeneze vipindi vitano vya dakika 10 kila kimoja, kwa simu aliyo nayo, kuhusu watu anaowajua: fundi baiskeli, mkunga, mpiga litungu, yule mama wa chai. Asipomaliza viwili, umejua jambo kabla ng'ombe hajatoka zizini. Akimaliza vyote na kuomba kurudia cha kwanza kwa sababu anaona aibu jinsi kilivyo, nenda kaangalie bei ya ng'ombe.

Na anasie wapi? Ndani ya chumba chenye nguo nyingi na blanketi, ambapo sauti hairudi kama pangoni. Simu iwe umbali wa shibiri moja hivi kutoka kinywani, na soksi safi ivishwe penye tundu la kunasia sauti ili pumzi isipige kelele. Afanye hivyo asubuhi. Huku kwetu msimu wa mvua, ikifika saa tisa mawingu yameshateremka kutoka Mlima Elgon, na mvua ikianza kupiga mabati hakuna mtayarishaji yeyote, hata wa London, anayeweza kunasa neno chini ya paa hilo.